Fidia ya Mkono wa Kulia

Tangu mashine ya kukamua mashuka imvunje mkono, Immaculate hakuweza tena kumfunga mtoto mgongoni. Aliinama, akamlaza Ryan mgongoni vizuri, akarusha leso juu yake, kisha akabaki vivyo hivyo katikati ya ua kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta, kwa kuwa fundo linataka mikono miwili. Hapo Crispus mumewe aliacha chochote alichokuwa akifanya akaja kulifunga. Majirani wa mtaa wa Atlabara, mjini Juba, waliokuwa wakingoja zamu ya bafu na ndoo mikononi, walicheka siku za mwanzo. Baadaye waliona afadhali watazame pengine.

"Umekaza sana," Immaculate alilalamika.

"Nikilegeza ataanguka."

"Huyu ni mtoto, Baba Ryan, si gurudumu la akiba."

Crispus alikuwa dereva wa boza la maji. Alijaza mtoni na kuuza mjini, na mteja wake mkubwa alikuwa ile hoteli ya mahema kando ya Nile ambako mkewe alifua. Tangu mkataba wa amani utiwe sahihi, hoteli za namna hiyo zilikuwa zimeota ukingoni kama uyoga, na wageni wa mashirika walilala chini ya turubai kwa bei ya chumba cha ghorofani Nairobi. Mashuka yao yalitaka kubadilishwa kila siku, maana vumbi la Juba halibishi hodi.

Jumapili moja, misa ilipokwisha, Madam Janet alikuja kuwaona. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa hoteli, Mkenya mwenzao, mwanamke wa Machakos aliyevaa saa kubwa na viatu visivyopenda matope. Ndiye aliyempa Immaculate kazi, na ndiye aliyemshika Ryan siku ya ubatizo. Alileta mchele, sukari na bahasha, akakalia kiti kimoja walichokuwa nacho.

"Mwenye hoteli amesikitika sana," alisema. "Ametoa hii kwa moyo wake. Na nauli ya basi mpaka Bungoma, wewe na mtoto. Ukapumzike kwa mamako, mkono upone."

"Na kazi, Madam?"

Janet akatazama ncha ya kiatu chake. "Kuna msichana ameshawekwa, Mama Ryan. Mashuka hayangoji. Ukikubali, kesho tutaandikishana kwamba tumemalizana, halafu upande basi."

Crispus alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari amesema vidole viwili huenda visikunje tena," alisema taratibu. "Na tangu siku ile ya kwanza dawa tunanunua wenyewe."

"Najua, shemeji. Lakini alikuwa kibarua, hana mkataba. Na sisi sote hapa ni wageni; mgeni hana sheria ya kushika. Hii ni malesh ya mwenye hoteli. Asiyeichukua atabaki mikono mitupu."

Malesh. Neno la watu wa Juba. Mtu akikukanyaga mguu, malesh. Akichelewa kukulipa, malesh. Ukifiwa na mwana, watakuja wakae nawe wakuambie malesh, na litakufariji. Crispus alikuwa amelipenda neno hilo tangu alipofika mji ule. Siku hiyo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Asante sana, Madam," Immaculate alikuwa ameshaanza. "Mungu akuzidishie. Tutachu..."

"Tupe siku chache tufikirie," Crispus alimkatiza.

Janet aliinuka, akairudisha bahasha mkobani, akapapasa shavu la mtoto, akaondoka akiwa amebeba sketi yake juu ya matope. Immaculate hakumtazama mumewe mpaka chai ilipopoa.

* * *

Jua lilipoanza kulegea walipata zamu ya bafu. Lilikuwa mabati manne yasiyo na paa. Tangu ajali, Crispus ndiye aliyemwogesha mkewe, naye alikuwa ameizoea kazi hiyo: kumnyanyulia mkono wenye bandeji usilowe, kumsugua mgongo, kumwagia maji kidogo kidogo kwa kikombe. Yeye aliyeuza maji kwa mapipa alikuwa amejifunza kuyapima kwa kikombe.

"Mbona ulikataa?" Immaculate aliuliza akiwa amempa mgongo.

"Sikukataa. Niliomba siku."

"Nilifungua mwenyewe."

"Ulifungua nini?"

"Kifuniko. Nilikuambia mashine ilijiwasha. Haikujiwasha. Ilikuwa bado inazunguka. Komeo lake lilikatika zamani, tulikuwa tunafunga kwa kitambaa. Wageni wa mkutano walikuwa wamefika, mashuka mabichi, Madam anaita, nikasema wacha nitoe hivyo hivyo. Shuka likanizonga mkono." Sauti yake ikashuka. "Sasa nitamdai nani? Nijidai mwenyewe?"

Crispus alishika kikombe bila kumwaga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Pale hospitalini ulinitazama kama mtu aliyeonewa. Nikaona haya kukuambia nilijiponza mwenyewe."

Angeweza kusema mengi, na mengine yalimfika mpaka ulimini. Lakini mgongo ule ulikuwa umejaa povu na jioni ilikuwa inaingia baridi. "Geuka," alisema. "Nikusuuze upande huu."

Usiku ule walikula mchele wa Madam Janet. Ulikuwa mchele mzuri.

* * *

Boza la Crispus lilikuwa mali ya Mama Akot, mwanamke mrefu wa Kidinka aliyeishi ukimbizini Eldoret miaka ya vita na kurudi na Kiswahili, na mtaji, na tabia ya kukaa penye biashara yake mwenyewe. Kila asubuhi alikaa kwenye kiti cha plastiki pale mabomba yanapovuta maji mtoni, mwavuli juu, simu mbili mapajani.

"Mkono wa bibi?" aliuliza.

Crispus akamweleza yote: mchele, bahasha, basi, kifuniko. Alipofika kwenye jina la hoteli alikumbuka anazungumza na nani, akasita.

"Hao wananunua maji yangu kila siku," Mama Akot alisema.

"Ndiyo, mama."

Akatazama maji yakipanda kwenye bomba. "Ndugu yangu alikatika mguu kwenye kazi ya daraja. Kampuni ikatuletea mbuzi. Tukachinja, tukala, tukasema hawa ni watu wazuri. Tulikuja kusikia baadaye sana kwamba kuna haki ya mguu. Tukatafuta kampuni. Ilikuwa imeshakunja mahema, imerudi kwao." Akatema mate mchangani. "Kuna kijana katika ofisi ya kazi ya serikali, anaitwa Emilio. Nendeni kwake kabla hamjakula huo mchele."

Crispus aliona hakuna haja ya kumsahihisha. "Na mteja wako, mama?"

"Mimi nauza maji. Sijasikia kitu."

* * *

Immaculate alikubali kwenda kusikiliza tu. Njia nzima aliyarudia hayo: kusikiliza tu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Emilio alikuwa kijana aliyekulia kambini Kakuma; Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya kuliko chao, na shati lake lilipigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Karibuni. Kiti ni kimoja, mama akae."

Immaculate alianza kabla hajaketi vizuri. "Mimi sikuja kumshtaki mtu. Nilifungua kifuniko mwenyewe, mashine ikizunguka. Kosa ni langu."

Crispus aliinamisha kichwa. Emilio hakuonekana kushtuka.

"Ulikuwa unakamua mashuka ya nani?"

"Ya hoteli."

"Ungekuwa unakamua yako, kwako, ningekupa pole tu na maji ya kunywa. Lakini haraka uliyokuwa nayo haikuwa yako, mama. Ilikuwa ya hoteli. Wewe uliibeba tu." Akavuta meza karibu. "Sikiliza. Anayetafuta mkosaji ni polisi. Fidia haitafuti mkosaji. Inauliza: uliumia? Ulikuwa kazini? Kazi ya nani? Basi. Labda ungekuwa umelewa, ama umejiumiza makusudi, hapo ni story ingine. Ulikuwa umelewa?"

"Mungu apishe mbali!"

Crispus alicheka bila kutaka, na mtoto akacheka kwa sababu baba amecheka.

"Lakini ni kibarua," Crispus alisema. "Na sisi ni wa Kenya."

"Hiyo mashine iliuliza pasipoti kabla ikamate mkono?" Emilio akawatazama wote wawili. "Mtu anaingia pale kila asubuhi, anatumwa na hoteli, analipwa na hoteli. Huyo ni mfanyakazi wa hoteli. Mkataba usioandikwa ni kosa la mwajiri, siyo lako." Kisha akashusha sauti. "Sitawadanganya. Sheria tunayotumia ni ya zamani, ilitoka Khartoum. Mpya bado inaandikwa. Siwezi kufunga hoteli ya mtu. Lakini naweza kwenda kuuliza, na wengi wakiulizwa mbele ya watu hulipa. Matibabu yao. Mshahara wa wakati umekaa nyumbani ukijiuguza. Halafu kitu cha huo mkono, kama hautarudi vile ulikuwa. Hicho kinangoja daktari aseme umepungukiwa kiasi gani. Kwa hiyo mtu akikuharakisha mmalizane kabla daktari hajasema, jiulize anakimbia nini."

Immaculate aliutazama mkono wake ndani ya bandeji kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine akitunze.

"Kwa hiyo si sadaka," alisema.

"Sadaka hutoa anayependa. Hili ni deni."

"Madam Janet ndiye mama wa ubatizo wa mtoto huyu."

Emilio alifikiri juu ya hilo, na Crispus akampenda kwa kufikiri kwake. "Basi usiseme chochote juu yake," alisema mwishowe. "Sema juu ya mkono."

Alitaka kuiona mashine kabla haijatengenezwa au kufichwa. Shida ilikuwa kwamba ofisi haikuwa na gari.

"Mimi nina boza," Crispus alisema.

* * *

Walibanana watu watatu na mtoto ndani ya kichwa cha boza, maji yakipiga tangi nyuma yao kila waliposhika breki. Ryan alitaka kukaa kwa mwenye shati jeupe na hakukubali kwingine. Kabla hawajafika mtaa wa Hai Cinema alikuwa ameshalilowesha.

"Malesh," Immaculate alisema kwa aibu.

"Hii nayo nimeumia kazini," Emilio akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu ajali Crispus alimsikia mkewe akicheka kwa sauti yake ya zamani.

Mlinzi alilijua boza, akafungua lango bila swali. Waliposhuka ndipo alipomwona Immaculate, mwanamke ambaye chai yake alikuwa ameinywa asubuhi nyingi. "Huyu hapana," alisema bila kumtazama usoni. "Huyu mafi kazi hapa, kazi hakuna."

Immaculate alirudi nyuma hatua moja, akaanza kugeukia boza.

"Yuko na mimi," Emilio alisema.

Nyuma ya mahema ya wageni, mashine ilikuwa ikinguruma. Msichana wa Kiganda aitwaye Sanyu alikuwa amejikunja juu yake. Kifuniko kilikuwa kikifungwa kwa utepe wa shuka lililochanika, na utepe ule alikuwa ameshaufungua. Alikuwa amekiinua kifuniko kwa mkono mmoja na kutanguliza wa pili, na pipa la ndani bado linazunguka.

"Toa mkono!" Immaculate alipiga ukelele uliowafanya wageni watoke mahemani. "Toa mkono wewe!"

Sanyu aliruka nyuma. "Dada, mimi nilikuwa natoa tu! Madam nasema haraka, wageni iko nangoja!"

Immaculate alimfikia, akamkamata kiganja kwa mkono wake wa kushoto, akakigeuza huku na huku, akavitazama vidole kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima. Hakumwachia.

Janet alikuja mbio na saa yake kubwa. Alipomwona Emilio, uso wake ukakunjamana. "Baba Ryan. Unaniletea serikali?" Kisha kwa Immaculate, kwa sauti ya chini iliyouma zaidi: "Mimi nilikushikia mtoto mbele ya altare."

"Ulinishikia, Madam. Na godoro ninalolalia ulinipa wewe, sijasahau." Maneno ya Immaculate yalitoka yamenyooka. "Lakini nikila mchele ule ninyamaze, huyu naye mtampelekea wa kwake."

Emilio alienda kwenye ukuta, akazima mashine. Ilizunguka muda mrefu sana kabla ya kusimama, na wote walisimama wakiingoja.

"Unajua nani atafukuzwa?" Janet alisema. "Si mwenye hoteli. Yeye yuko Kampala, hajawahi hata kuiona mashine hii. Ni mimi. Nina mama mgonjwa, nina karo za watu." Akakaa ghafla juu ya marundo ya mashuka machafu, viatu vyake vikiwa ndani ya maji ya sabuni. "Nilimwambia komeo litengenezwe. Akasema baada ya mkutano huu. Kila mara kuna mkutano mwingine." Akamgeukia Emilio. "Haya, andika. Andika kwamba nilijua."

"Sihitaji kosa lako, Madam. Nahitaji useme tu kwamba huyu mama aliumia hapa, akiwa kazini."

"Tu?"

"Tu."

Janet alimkodolea macho. "Nilidhani mnatafuta mtu wa kufunga," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Immaculate alikwenda akaketi kando yake juu ya mashuka, bado amemshika Sanyu, na kwa kuwa hakuwa na mkono mwingine wa kumshikia, alimwegemezea Janet bega.

* * *

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mwenye hoteli alipiga simu kutoka Kampala akafoka, akadai hamjui mtu wa jina hilo, kisha akadai anamjua na kwamba ni mvivu. Janet aliandika alichoombwa kuandika. Hakufukuzwa, ila alinyang'anywa gari la kazi, na kwa muda mrefu alikwenda misa kwa bodaboda, sketi yake imejaa vumbi. Hoteli ikaanza kununua maji kwa mtu mwingine. Mama Akot alimtuma Crispus apeleke maji Nesitu, kwenye vituo vya malori, njia mbovu yenye faida ndogo.

"Malesh," alimwambia, na safari hii neno lilikuwa na moyo ndani yake.

Mvua zilikuja. Waliuza redio, kisha jiko la gesi. Siku nyingine Immaculate aliamka akasema bora angepanda lile basi, na Crispus hakubishana naye. Alimfunga mtoto mgongoni mwa mkewe, akalegeza fundo kidogo kama alivyokuwa amefundishwa, akaenda kazini. Daktari alifungua bandeji, akamwambia ajaribu kukunja ngumi. Vidole viwili vilibaki vimesimama. Akaandika vile alivyoona.

Hatimaye mwenye hoteli alichoka na barua za Emilio, au aliogopa wageni wake wa mashirika wasije wakasikia. Alikubali kulipa matibabu na mishahara iliyopita, na kitu cha mkono, kwa mafungu mawili. Emilio aliwaambia waziwazi kwamba hesabu ya daktari ilistahili zaidi ya hapo, na kwamba wakivumilia angeendelea kusukuma.

"Mtoto hali kesi," Immaculate alisema. "Lakini komeo?"

"Limewekwa. Nimeenda mwenyewe kulivuta."

"Basi tuchukue."

Siku ya malipo, hoteli ilimtuma mhasibu wake, kijana wa kucha safi aliyetoka Nairobi juzi. Janet alikuja pia, ingawa hakuitwa, akampakata Ryan kona ile ya feni mbovu. Mhasibu alihesabu noti za pauni mezani mara mbili, akasogeza karatasi mbele, akamtazama Immaculate na mkono wake, kisha akatoa mkobani kidau cha wino.

"Mama aweke dole gumba tu hapa."

"Mimi najua kuandika," Immaculate alisema.

"Si hivyo, mama. Nasema kwa sababu ya mkono."

"Nina mwingine."

Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaishika kama mtu anavyoshika mwiko wa sima. Herufi ya kwanza ilianguka kama kijiti kilichopeperushwa na upepo. Ya pili ilichukua muda kuliko ya kwanza. Mhasibu alitazama saa yake. Emilio alikuwa anatazama dirishani, ambako hakukuwa na chochote. Crispus alitaka kumshika kiwiko amsaidie. Badala yake alitia mikono mifukoni, na humo mifukoni vidole vyake vikawa vinaandika pamoja na vya mkewe. Katikati ya jina kalamu ilitoboa karatasi. Immaculate aliinyanyua, akaanza tena mbele ya tundu.

"Hapo inatosha, mama," mhasibu alisema kwa upole. "Inasomeka."

"Bado jina la babangu."

Akaandika na hilo, Makokha, likipanda mlima mpaka ukingo wa karatasi. Kisha akaweka kalamu chini, akanyoosha mgongo, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Haya," alisema. "Sasa soma."

Na kijana yule, bila kujua kwa nini, alisimama kwanza, halafu akalisoma jina lote kwa sauti.